Ukungu

Huku Intibucá ukungu hushuka saa kumi alasiri,
hukaa juu ya mibuni kama shuka lisilokauka,
nami kwa miaka sitini niliujua ukungu wa aina hiyo tu.

Kisha wakaingia ruhuka.
Mdudu mweusi, hafiki hata punje ya mtama,
huitoboa buni pale kwenye kitovu
akaishi ndani kama mpangaji asiyelipa.
Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema.
Mimi nilikuwa na vidole kumi na pampu mgongoni,
nikapulizia sumu hadi mdomo ukawa na ladha ya sarafu.
Ruhuka, ndani ya buni, mlango umezibwa, hawakunisikia.
Vidole ndivyo vilivyosikia:
hadi leo viwili havijui moto wala baridi.

Eduviges hakusema neno.
Alichukua gunia, akapanda msitu wa mialoni,
akarudi na takataka:
majani yaliyooza nusu, nyuzi nyeupe zimeyashona,
yananukia ardhi baada ya mvua ya kwanza.
Akachanganya na pumba za mchele,
akayeyusha sukari guru tuliyoiweka kwa ajili ya Krismasi,
akashindilia yote kwenye pipa la buluu,
kifuniko, na pete ya chuma juu yake.
"Siku thelathini," akasema,
kama aliyemweka mwari ndani.

Nilicheka. Niliwaambia wenzangu kwenye mizani ya ushirika:
mke wangu anafuga uozo, keshokutwa ataupa majina.

Pipa la kwanza lilinipa haki.
Kifuniko kilipitisha hewa. Tulipofungua
mbwa aliondoka nyumbani, akarudi Jumapili.
Nilicheka tena, lakini peke yangu,
maana mwenzangu alishabeba gunia, yuko njiani mlimani.

La pili lilinukia unga ulioumuka,
utamu wenye uchachu, harufu ya kitu kinachofikiri.
Akaloweka, akachuja, akalimwagilia lile lundo la maganda
ambalo kila mavuno nililisukumia kijitoni,
na kila mavuno majirani wa bondeni
walinitukana kwa jina langu kamili.
Lundo likapata homa. Ungeweza kuchemsha yai humo.
Inzi wakahama.
Wiki ya tisa nikautia mkono,
ule wenye vidole vilivyolala,
nikautoa na mboji nyeusi, laini, isiyonuka.

Halafu mpwa wake Leocadia akaja na mfuko wa nailoni,
wali ndani yake umeota manyoya meupe.
"Huu nao ni ukungu, mzee," akasema.
Tukauosha wali ule, nikapulizia maji yake
jua lilipokwisha kuzama, kwa sababu hawa wanaogopa jua.
Sumu haikuwahi kuogopa kitu.
Niliona aibu kidogo, natembea kati ya mistari
kama mtu anayebariki shamba bila upadri.

Siku ya kumi na mbili Eduviges aliniita kwa mluzi.
Kwenye kitovu cha buni, ruhuka:
kichwa ndani, makalio nje,
amefunikwa unga mweupe, kimya,
kama mwokaji aliyesinzia kazini.
Nikapekua buni nyingine. Na nyingine.
Mavuno yale, katika kila buni mia, zilizotobolewa kumi na moja;
mwaka uliotangulia, thelathini na nne.
Si sifuri. Sitaki kudanganya.
Na bei ya kahawa haikupata habari zozote, ilishuka vilevile.

Tangu utotoni nimeonywa kwamba kuoza kunaambukiza.
Hakuna aliyeniambia kupona nako kunaambukiza,
wala kwamba vyote viwili huweza kukaa pipa moja,
vikitenganishwa na kifuniko kinachobana.

Sasa mapipa ni manne.
Usiku huamka, nikasingizia kibofu,
nikapita ghalani, nikalaza sikio kwenye buluu ile baridi.
Ndani kuna mchemko mdogo mdogo,
umati usio na macho, usio na haraka,
unaofanya kazi ambayo mimi niliifanya kwa hasira.

Nikirudi kitandani na miguu ya barafu,
Eduviges, niliyedhani amelala,
huuliza bila kugeuka:
"Wanasemaje?"